Sentimita 19 za Mama

Mimi ni fundi cherehani. Nashona hapa Bombo, sare za shule na magauni ya harusi, na kwa miaka miwili sasa kazi yangu ya pili ni kumpeleka Mama Kampala kusafisha damu. Mwezi uliopita, tukiwa kwenye benchi la kusubiria, kijana mmoja kutoka Koboko alisogea karibu yangu akanong'ona: "Dada, wameniambia nikamnunulie baba mpira wa kudumu wa shingoni. Upi ndio mzuri?" Mpira huo ni bomba laini linaloingizwa mshipani ili damu iende kwenye mashine ya kusafishia na kurudi mwilini. Mkononi alikuwa na karatasi ya daktari, na bahasha ya fedha ambazo ukoo mzima ulikuwa umezichanga. Tulizungumza kama dakika kumi, kisha wakamwita. Tangu siku ile nimekuwa nikikumbuka mambo niliyosahau kumwambia. Nayaandika hapa kwa Kiswahili, kwa sababu benchi lile lina watu wa Arua, wa Yumbe, wa Kasese, wakimbizi kutoka Kongo, na sisi Wanubi wa Bombo, na lugha inayotukutanisha ni hii.

Mama ana sukari tangu nikiwa shule ya msingi. Presha ilifuata. Figo zilipokataa kabisa alikuwa hawezi kulala chali, pumzi inakatika, miguu imevimba mpaka vidole havionekani vizuri. Usiku ule walimwekea mpira kwenye kinena, katika mshipa mkubwa wa paja, kwa kuwa ndio uliokuwa wa haraka. Siku ya nne wakautoa, wakamwekea mwingine shingoni upande wa kulia: mfupi, unaingia mshipani moja kwa moja pale unapouona, umeshonewa juu ya ngozi. Yote miwili ni mipira ya dharura. Wa pajani haufai kupita siku tano hivi, na wa shingoni wa aina ile kama wiki mbili. Sisi hatukuambiwa. Wa Mama ulikaa wiki saba.

Mahali alipokuwa akihudumiwa wakati huo sitapataja. Nitasema tu yaliyotokea, kwa sababu najua yanatokea kwa wengine.

Wiki ya tano Mama alianza kutetemeka. Anarudi nyumbani, anajifunika mablanketi mawili, meno yanagongana. Huku kwetu homa ina jina moja tu. Tulimpeleka kliniki ya mjini, wakampima malaria, kipimo kikasema hakuna, wakamtibu malaria hata hivyo. Akawa nafuu siku mbili. Akarudi kwenye mashine, akatetemeka tena. Akatundikiwa dripu ya malaria mara ya pili. Mtu akaniambia labda ni malaria sugu. Mwingine akasema ni baridi ya mashine.

Mimi nina daftari ninaloandikia vipimo vya wateja: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Kwa mazoea tu nikawa naandika humo na habari za Mama. Siku moja usiku nikakaa nikasoma kurasa zile kwa mfululizo. Jumanne, nusu saa baada ya mashine kuanza, baridi. Ijumaa, nusu saa baada ya mashine kuanza, baridi. Jumanne, vilevile. Malaria haijui ratiba ya mashine. Nikampigia simu mama mmoja muuguzi, ndugu wa mbali wa baba yangu, aliyefanya kazi kwenye chumba cha kusafishia damu kwa miaka mingi. Nitamwita Hajjati. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, huo ni mpira. Vijidudu vimejenga nyumba ndani yake. Mashine ikianza kuzungusha damu, vinasukumwa mwilini. Waambie wachukue damu ya kuotesha maabara kabla hawajampa dawa yoyote, nyingine kutoka kwenye mpira, nyingine kutoka mkononi. Na waambie leo."

Ilikuwa kweli. Mpira ulitolewa, Mama akawekwa kwenye antibayotiki za mshipani, akakaa siku tatu bila mpira wowote mpaka homa ikaisha na damu ikaonekana safi. Mpaka leo naumia nikikumbuka zile dripu mbili za malaria. Kama una mgonjwa mwenye mpira shingoni na amepata homa, pima malaria ndiyo, lakini usiishie hapo. Homa ya mtu mwenye mpira ni ya mpira mpaka ithibitishwe vinginevyo, na haingoji kesho.

Ndipo daktari akaniandikia karatasi ya kwenda kununua ule wa kudumu.

Nilikwenda Wandegeya, kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Muuzaji wa kwanza alikuwa mchangamfu sana. "Nyabo, nina mzuri kabisa, mrefu, imara." Akaweka boksi mezani. Kwa jicho la ufundi nikasoma kilichoandikwa ubavuni: 23 cm. Nikamuuliza kwa nini huu na si mfupi kuliko huu. Akasema mrefu ndio unaodumu, na mfupi umekwisha dukani. Duka la pili walikuwa na wa 19 cm, lakini juu ya tarehe ya kuisha muda palibandikwa karatasi nyingine yenye bei. Nikaomba waibandue. Wakasita. Nikatoka.

Nilisimama barabarani nikampigia Hajjati. Akasema: "Chukua kalamu." Niliandika juu ya goti, palepale mbele ya duka.

Alichonieleza kuhusu urefu ndicho ningependa kila mtu akijue. Mpira wa kudumu huingia kwenye mshipa mkubwa wa shingo na kushuka ndani mpaka ncha yake ifike kwenye moyo, katika chumba cha juu cha upande wa kulia. Hapo damu ni nyingi, na mashine inapata ya kuvuta. Upande wa kulia wa shingo njia imenyooka, kama uzi ulioning'inizwa na kitu kizito mwishoni. Upande wa kushoto mshipa unapinda mara mbili kabla ya kufika, kwa hiyo mpira unahitaji kuwa mrefu zaidi. Kwa watu wazima wengi ni sentimita 19 ukiingia kulia na 23 ukiingia kushoto, kipimo kikianzia kwenye kile kikanda cha kitambaa mpaka kwenye ncha. Mwenye mwili mrefu sana au mfupi sana daktari atamchagulia kingine. Ukiwa mfupi kuliko inavyotakiwa, ncha inabaki juu kwenye mshipa, inanyonya ukuta wake, mashine inapiga kelele kila dakika, damu inaganda. Ukiwa mrefu mno, ncha inagusa ndani ya moyo, na mapigo yanaweza kuvurugika. Mimi najua gauni lililokatwa refu linaweza kupunguzwa. Mpira huu haukatwi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari kabla hujaenda dukani ni hili: utauweka upande gani? Ukijua upande ndipo unajua sentimita za kununua. Kwa Mama walipima kwanza kwa altrasaundi kama mshipa wa kulia bado uko wazi baada ya wiki saba za ule mpira mbovu. Ulikuwa wazi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, wauguzi wakageuka kunitazama.

Kuna upande mmoja ambao Hajjati alinikataza kabisa kuukubali kabla sijauliza maswali: chini ya mfupa wa mtulinga, kwenye mshipa unaopita pale kuelekea mkononi. Mpira ukikaa humo, mshipa huelekea kusinyaa. Ukisinyaa, damu ya mkono wa upande ule inakosa njia ya kurudi, mkono unavimba, na siku utakapotaka kuutumia mkono huo kwa njia ya kudumu zaidi, utakuta umeshaharibika. Wapo wagonjwa ambao mishipa yao ya shingo yote imeziba na madaktari hawana mahali pengine. Hilo ni jambo jingine. Lakini kama shingo ya kulia ipo, ianze hiyo.

Sasa kitambaa. Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe, kwa sababu ni kazi yangu.

Mpira wa kudumu hauingii mshipani pale unapouona. Unatokea kifuani, chini ya mfupa wa mtulinga, unapita chini ya ngozi kama uzi uliofichwa ndani ya upindo, kisha ndipo unazama kwenye mshipa wa shingo. Ndani ya njia hiyo ya chini ya ngozi, mpira umevishwa kikanda cha kitambaa, upana wake kama kucha. Wanakiita Dacron. Nilipouliza Dacron ni kitu gani nikaambiwa ni polista. Polista! Ileile ninayoipitisha kwenye cherehani kila siku, nikiwaambia wateja haipumui kama pamba. Imetengenezwa kwa namna ya kuwa na manyoya manyoya, na nyama ya mtu inaota ndani ya nyuzi zake. Baada ya wiki tatu au nne hivi inakuwa imeshikana. Ndicho kinachouzuia mpira usivutike, na ndicho kinachowafungia mlango vijidudu vinavyotaka kutambaa kutoka ngozini kuingia ndani. Tofauti yote kati ya mpira wa wiki mbili na mpira wa miezi mingi iko kwenye kipande kile kidogo cha kitambaa na ile njia ya chini ya ngozi.

Kwa sababu hiyo, zile nyuzi za kushonea zinazoshikilia mpira nje hazitolewi mapema. Siku ya nane Mama alipokwenda kliniki ya jirani kubadilishiwa bendeji, msichana wa pale alikuwa tayari ameshika mkasi. Alitaka kuzitoa kama zinavyotolewa nyuzi za mwanamke aliyejifungua kwa kupasuliwa. Namshukuru Mama kwa kuwa mkali. Alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, weka mkasi. Nyama haijaota." Nyuzi zilitolewa baada ya wiki ya nne, na wenye kazi yao. Siku ukikiona kile kikanda cha kitambaa kimechungulia nje ya ngozi, jua mpira umeshateleza. Usiurudishe ndani, usiufunge vizuri ukasubiri. Nenda.

Nikirudi dukani. Duka la tatu lilikuwa na 19 cm za aina mbili, zote zimefungwa vizuri, tarehe iko mbali, lebo haijaguswa. Moja iligharimu karibu mara moja na nusu ya nyenzake, na tofauti ilikuwa kwenye ncha. Mpira huu una njia mbili ndani: moja ya kuvuta damu kuipeleka kwenye mashine, kibanio chake chekundu, na nyingine ya kurudisha damu iliyosafishwa, kibanio cha buluu. Kwenye ile ya bei ndogo, njia moja inaishia juu kidogo na nyingine inaendelea chini, kama ngazi yenye kipandio kimoja. Kwenye ile ya bei kubwa ncha zote mbili zinalingana. Ipo pia aina ambayo ncha zimepasuka kama ulimi wa nyoka, lakini siku ile haikuwepo.

Ina maana gani kwa mgonjwa? Wakati mwingine njia nyekundu inagoma kuvuta, wauguzi wanabadilisha, wanavutia kwenye buluu na kurudishia kwenye nyekundu. Kwenye ncha ya ngazi, ukibadilisha hivyo, sehemu ya damu iliyokwisha kusafishwa inavutwa tena palepale, na mashine inasafisha kilicho safi huku uchafu ukibaki mwilini. Kwenye ncha zinazolingana tatizo hilo hupungua. Lakini Hajjati aliniambia nisidanganyike kwamba ncha fulani itamkinga Mama na maambukizo. Hakuna iliyoonyesha wazi kwamba inazishinda nyingine kwa hilo. Akasema, "Muulize daktari atakayeuweka, mkono wake umezoea upi." Nikampigia. Akasema ameweka mingi ya ncha zinazolingana na anaipenda. Nikalipa ile bei kubwa. Angesema ya ngazi, ningenunua ya ngazi na salio ningelitumia kwa nauli. Mkono uliozoea kifaa una thamani kuliko kifaa.

Kuhusu malighafi sitasema mengi. Mingi siku hizi ni ya poliyurethani, mingine silikoni. Kilicho muhimu ni karatasi iliyo ndani ya boksi, inayosema dawa gani ya kusafishia inaweza kuuharibu mpira huo, maana si kila mpira unavumilia spiriti au ayodini kwa namna ileile. Watu hutupa boksi hospitalini. Mimi niliomba karatasi ile pamoja na ile lebo ndogo yenye namba, nikaigundisha kwenye daftari langu. Imetusaidia mara tatu tulipopelekwa mahali pengine na wauguzi wakataka kujua.

Mpira uliwekwa asubuhi, wakapiga eksirei kuona ncha imefika wapi, na jioni Mama alikuwa kwenye mashine. Nilisimama nikitazama namba. Na ule wa zamani mashine ilikuwa inavuta mililita 200 kwa dakika, ikijitahidi. Siku ile ilisoma 300 bila kelele. Nilipiga hesabu nyuma ya risiti. Saa nne ni dakika 240. Kwa 200 ni lita 48 za damu zinazopita kwenye kichujio. Kwa 300 ni lita 72. Kinachopendekezwa duniani ni mara tatu kwa wiki, na Mama, kama wengi kwenye benchi letu, anakwenda mara mbili kwa sababu ya fedha. Kwa mtu wa mara mbili, lita 24 za tofauti kila safari ni chakula atakachoruhusiwa kula, ni usingizi, ni miguu isiyovimba. Usione haya kumuuliza muuguzi namba ile. Iandike kila safari. Ikianza kushuka wiki baada ya wiki, damu inaganda kwenye ncha au ganda limeota kuizunguka, na kuna dawa ya kuyeyusha ikiwahiwa.

Baada ya kila safari njia zote mbili hujazwa dawa ya kuzuia damu isigande, mara nyingi heparini. Kiasi kimeandikwa kwenye mpira wenyewe: kwa Mama ni mililita 1.9 upande mmoja na 2.0 upande mwingine. Dawa hiyo inakaa humo mpaka safari ijayo, kisha inavutwa nje na kutupwa kabla ya kuanza. Ndiyo sababu hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuugusa mpira wa Mama. Kliniki ya jirani waliwahi kutaka kupitishia dripu humo, wakisema mishipa ya mikono haionekani. Wangeisukuma ile heparini yote ndani ya damu kwa mkupuo, achilia mbali vijidudu vya mikono yao. Mpira ni wa mashine tu. Na unapofunguliwa, Mama anavaa barakoa, anageuza uso kushoto, muuguzi naye anavaa barakoa na glovu safi, vifuniko vinasuguliwa kwa dawa. Mahali ambapo wanaufungua huku wanapiga gumzo uso wazi, mimi huwa nasema. Nasema kwa adabu, "Sista, samahani, barakoa." Wengine hukunja uso. Nimezoea.

Kuoga kulimtesa Mama kuliko sindano. Bendeji hailoi. Basi anakaa kwenye kigoda, nampangusa kifua kwa kitambaa kilichokamuliwa, nywele namwosha akiwa ameegemeza kichwa nyuma juu ya beseni kama saluni. Udhu aliendelea nao kwa uangalifu, lakini josho lilimtia wasiwasi mpaka akamwendea sheikh wetu. Sheikh alimwambia dini haikuja kumwangamiza, apanguse panapowezekana, na pasipowezekana atayamamu. Alirudi nyumbani uso umefunguka.

Halafu nguo. Magauni yake yote yalikuwa ya kuvaa kichwani, na kila safari alilazimika kuvuliwa nusu mbele ya watu. Mama ni mtu wa haya. Nikamshonea gauni la pamba lenye zipu fupi kutoka shingoni kushuka upande wa kulia wa kifua, na kipande cha ndani cha kufunika, ili muuguzi afungue pale tu panapohitajika na mtandio ubaki kichwani. Mpaka sasa nimeshona mengine tisa kwa akina mama wa benchi letu. Zipu iwe ya plastiki, na isilale juu ya mpira. Ya kwanza niliikosea, ikawa inakwaruza bendeji kwenye taksi kila tukipita matuta ya barabara ya Bombo.

Hajjati, hata hivyo, alinitaka nifahamu jambo moja tangu siku ya Wandegeya. Mpira ulio bora kuliko yote bado ni mlango uliowazi kwenye kifua cha mtu. "Unanunua muda," aliniambia. "Tumia muda huo kutengeneza mkono."

Kutengeneza mkono ni kuunganisha mshipa wa damu itokayo moyoni na mshipa wa damu irudiyo, chini ya ngozi ya mkono, ili ule wa kurudi ukue, unenepe, uweze kuchomwa sindano za mashine. Madaktari wanaita fistula. Na neno hilo lilitupotezea miezi minne. Huku Uganda, fistula unayoisikia redioni ni ile ya mwanamke aliyeumia wakati wa uzazi, mkojo ukawa unavuja. Daktari alimwambia Mama mbele yangu na mbele ya kaka yangu, "Mama, tunakuandalia fistula." Mama aliinama. Njiani hakusema neno mpaka Kawempe, kisha akasema polepole, "Mimi nimeacha kuzaa zamani. Fistula nimeipata wapi?" Akakataa kuzungumzia habari hiyo tena. Madaktari wenye kusoma hapa, tafadhali, waambieni wazee wetu "kuunganisha mishipa ya mkono".

Aliyemtoa Mama kwenye woga ni daktari wa upasuaji, mtu mzima, aliyemwambia kwamba jambo hili si geni, madaktari wa New York waliliandika mwaka 1966. Mama akainua kichwa. "Sitini na sita? Mwaka ule Kabaka alipokimbia Mengo?" Ndiyo, mwaka huohuo mfalme wa Buganda alipokimbia jumba lake. Akacheka, akasema kama limedumu tangu wakati ule basi na lije. Walimpima mishipa kwa altrasaundi. Mama husuka vikapu, na mkono wake wa kazi ni wa kulia, kwa hiyo wakachagua wa kushoto. Tangu siku ya kwanza Hajjati alikuwa amenionya mkono huo usichukuliwe damu wala kutundikiwa dripu wala kupimwa presha, wakachukue mgongoni mwa kiganja cha kulia. Nilimwandikia kwa kalamu ya wino kwenye mkono: HAPANA. Watoto wa mtaani walidhani ni hina mpya.

Kaka yangu aliuliza kuhusu kupandikizwa, baada ya hospitali ya Mulago kufanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Desemba 2023. Madaktari walitazama moyo wa Mama na sukari yake, wakatushauri tuendelee na mashine. Tulikubali.

Sasa mkono una wiki saba. Mpira bado uko kifuani, unafanya kazi, namba bado ni 300. Kila alfajiri baada ya sala Mama ananiita niweke vidole juu ya mshono wa mkono wake wa kushoto. Pale chini ya ngozi panatetemeka, mtetemo mdogo usiokatika, kama meza ya cherehani ninapokanyaga pedali polepole. Usipousikia asubuhi moja, alisema daktari, usingoje saa sita mchana, mlete.

Leo upo. Siku ya kujaribu sindano ya kwanza nimeiandika kwenye daftari, kwenye ukurasa uleule wenye lebo ya mpira: kulia, sentimita 19, 1.9 na 2.0.